Besi wa Ziwani au Besi wa Mtoni

Jumatano moja ya mwezi wa tisa mke wangu alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, na kabla hajaketi akaniuliza, "Baba, ukiambiwa uchague samaki mmoja tu, utachagua mkubwa wa ziwani au mkali wa mtoni?"

Nilikuwa nakata sukuma wiki. Nikacheka, nikidhani ni kitendawili walichokuwa wakitegeana kiwandani. Kumbe hakuwa anatania.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 2010. Tulikuwa tunaishi Brooklyn Center, Minnesota, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, karibu na kanisa tulimokutana. Mimi ni Mkenya, nimekulia kando ya Ziwa Naivasha, na wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Apple Valley, nikiuvuka mji mzima kwa gari kwenda na kurudi. Yeye ni Mkongomani wa Uvira. Alifika Minnesota na mama yake na wadogo zake baada ya miaka mingi ya kambini Tanzania, akapata kazi Plymouth, kwenye kiwanda cha kuunganisha mirija ya hospitali. Kiswahili chake kilikuwa na vipande vya Kifaransa, changu kilikuwa na vipande vya Kiingereza, na tulikuwa tumeshazoea kuchekana.

Kiwandani hapo kulikuwa na mama mmoja mzungu aliyekaribia kustaafu, fundi wa kurekebisha mashine. Mke wangu alimwita Bibi, kwa Kiswahili, na yule mama akalipenda jina hilo hata akaliandika kwa wino mzito kwenye kikombe chake cha kahawa. Urafiki wao ulianza kwa dagaa. Siku moja mke wangu alipasha dagaa kwenye maikrowevu, chumba cha chakula kikanuka, wenzake wakaondoka mmoja mmoja na sahani zao. Bibi peke yake akabaki. Akavuta kiti, akauliza ni samaki gani hao, wanavuliwa vipi, wanakaushwa juu ya nini. Kisha akaomba aonje.

Mke wangu alimweleza kuwa baba yake alikuwa mvuvi wa Tanganyika, na kwamba yeye alikua akianika dagaa na kuwageuza juani, lakini hakuwahi hata mara moja kupanda chombo cha kuvulia. Kwao hiyo ilikuwa kazi ya wanaume. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nina boti. Jumamosi una nafasi?"

Alirudi Jumamosi ile uso umemwiva kwa jua, hana samaki hata mmoja, na hakunyamaza mpaka tukalala. Kuanzia hapo, kwa viangazi viwili, niliishi na mvuvi. Kazi ikiisha alishuka kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya jengo letu, akaweka ndoo ya plastiki mbali, akafunga nati mwishoni mwa mshipi badala ya ndoano, akaanza kurusha. Alirusha mara hamsini, mara sitini, mpaka nati ikawa inaingia ndooni bila kugusa ukingo. Majirani walikuwa wakitoka vibarazani kumtazama. Mzee mmoja Mliberia wa ghorofa ya pili alimpigia makofi kila nati ilipolia ndani ya ndoo. Mimi nilimtazama kutoka dirisha la jikoni, na nakiri kwamba mara kadhaa niliunguza vitunguu.

Sasa hili la kuchagua. Bibi alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi na kuhamia Arizona kwa binti yake. Boti ilikuwa imepata mnunuzi, ambaye angekuja kuichukua Jumapili. Ilibaki Jumamosi moja tu, na Bibi alikuwa amemwambia hivi: "Siku ni yako. Tutafute samaki mmoja, mkubwa kuliko wote uliowahi kushika. Lakini chagua ni yupi, kwa sababu siku moja haiwatoshi wote wawili."

Kwa asiyewajua, huku kuna samaki waitwao besi, wa aina mbili. Wa kwanza ana mdomo mpana, taya lake linapita jicho. Ni wa kijani, ana mstari mweusi ubavuni, na hukaa ziwani chini ya majani ya mayungiyungi, ametulia, akingoja chura au kisamaki apite. Akifungua kinywa, ngumi yako inaingia. Wa pili ana mdomo mdogo zaidi, rangi ya shaba iliyozeeka, macho mekundu, na anapenda mawe na maji yanayokimbia. Kwa uzito mara nyingi hamfikii mwenzake, lakini kila mvuvi niliyemsikia husema kwamba ukimnasa utadhani umemnasa samaki aliyemzidi mara mbili.

Mimi sikuhitaji kufikiri. Besi wa mdomo mpana ndiye samaki wa utoto wangu. Yuko Naivasha, mama alikuwa akimkaanga mzima mzima, kisha anamtia kwenye mchuzi wa nyanya. Tena kulikuwa na suala la sheria. Katikati ya Septemba ikishapita, besi wa mdomo mdogo haruhusiwi kuchukuliwa. Ukimpata unamrudisha majini. Wa mdomo mpana unaweza kwenda naye nyumbani.

"Basi jibu si unalo," nilimwambia tulipokuwa mezani. "Mmoja unamleta, watu wanamwona, tunamla. Mwingine unamshika, unamwachia, unarudi na hadithi."

"Mm," alisema, akaendelea kula.

Alhamisi alimpigia mama yake simu kumuuliza. Mama mkwe akajibu kwamba achague mwenye mafuta mengi. Ijumaa asubuhi, tukiwa tunavaa kwenda kazini, aliniambia amekwisha kuamua.

"Bon. Nimechagua wa mtoni."

"Kwa nini?"

Akakaa kitandani na soksi moja mkononi. "Yule wa ziwani nimemjua. Naweza kukuonyesha atakaa chini ya jani gani. Huyu wa mtoni ameniponyoka mara nne kiangazi hiki, na mara zote nne kosa lilikuwa langu. Nilivuta mapema, ama nililegeza mshipi. Nataka nijue kama nimejifunza."

Jibu hilo lilistahili kuheshimiwa. Lakini nilikuwa nimekwisha kujitapa kanisani. Niliwaambia wanaume wa kwaya kwamba Jumapili watamwona besi wa kwetu Naivasha, mkubwa ajabu, na mvuvi wake ni mke wangu. Basi saa ya chakula, nikiwa ndani ya gari kule Apple Valley, nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia najikunja. Nilimpigia Bibi. Nikamwambia kwamba mke wangu amesema mto kwa sababu ya adabu tu, kwamba moyoni anataka ziwa, na kwamba afadhali ampeleke huko bila kumuuliza tena, liwe jambo la kumfurahisha. Nikaongeza habari za Naivasha, nikidhani zitamlainisha.

Bibi alicheka. "Hao besi wenu wa Naivasha walipelekwa kutoka huku kwetu, unajua? Afrika hawakuwako."

Sikujua. Nilikaa na ile simu sikioni kama mtu aliyeambiwa kwamba mjomba wake si ndugu. Bibi akasema sawa, atafikiri, akakata.

Jioni mke wangu alifika nyumbani kabla yangu. Nilimkuta amesimama jikoni, koti bado mwilini.

"Ulimpigia Bibi," alisema. Bibi, kumbe, alikuwa amemfuata moja kwa moja penye mashine yake na kumuuliza ana kwa ana.

"Nilitaka kusaidia."

"Kunisaidia kuchagua kitu ambacho nilikwisha kuchagua?"

Hakupaza sauti, angepaza ningepata pa kujificha. Alivua koti polepole, akalitundika, akanigeukia.

"Mie nimechaguliwa vitu vingi, baba. Kambi nilichaguliwa. Shule ya kambini nilichaguliwa. Huu mji nilichaguliwa, tulionyeshwa jina lake kwenye karatasi. Hata baridi hii nilichaguliwa. Sikulalamika, nilishukuru. Lakini samaki huyu nitamchagua mwenyewe."

Niliomba msamaha. Niliomba tena wakati wa kula, kwa maneno mengine, kwa sababu yale ya kwanza yalikuwa mafupi mno. Alitia chumvi, akaonja mboga. Halafu akauliza, "Kesho utakuja?"

"Kama bado unanitaka."

"Uvae soksi mbili. Mtoni asubuhi kuna baridi."

Jumamosi tulikutana na Bibi kwenye njia ya kushushia boti, kaskazini kidogo ya mji. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Mississippi, na bata bukini walikuwa wakipiga kelele ng'ambo, bila shaka wakipanga safari yao. Bibi alinitazama juu ya miwani, akanipa jaketi la kuelea, akasema, "Wewe leo kazi yako ni nanga." Nikaitikia kama mwanajeshi.

Saa tatu za kwanza hazikuwa na kitu. Mke wangu alisimama mbele ya boti, Bibi nyuma akiendesha mota ndogo ya betri isiyopiga kelele. Chambo kilikuwa kamba wa mpira, wa rangi ya kahawia, mfano wa wale wenye magando wanaojificha chini ya mawe ya mto. Mke wangu aliwapata besi wawili watatu wa kiganja, akawatoa ndoano kwa vidole viwili na kuwarudisha. Mimi niliketi katikati na kamba ya nanga mapajani. Vidole vya miguu vilikufa ganzi ndani ya soksi mbili. Nitasema ukweli wote: nilifikiria ziwa. Nilifikiria maji yaliyotulia, na besi mnene amelala chini ya jani lake, akitungoja.

Mke wangu hakuonekana kuchoka wala kukata tamaa. Alikuwa akitazama maji tu. Nilikuwa nimemwona akitazama hivyo karatasi za fomu za uhamiaji, mstari kwa mstari, bila kuruka. Mto ulikuwa umepungua, mawe yakionekana mgongo, na karibu na kisiwa kidogo chenye miti iliyoanza kuwa myekundu aliinua mkono.

"Bibi, zima."

Mota ikanyamaza. Mke wangu akanyoosha kidole. Mimi niliona maji. Yeye alionyesha utepe mwembamba wa povu, uliokuwa ukishuka moja kwa moja kisha, pasipo sababu ya kuonekana, ukapinda.

"Chini pale kuna jiwe kubwa," alisema. "Maji ya mbio yanapita huku, ya pole yanakaa huku. Baba yangu alikuwa anafuata povu. Alisema chakula kinapita na povu."

Bibi, aliyevua mto ule miaka mingi kuliko umri wa mke wangu, aliinama mbele akatazama. "Nimepita hapa mara mia," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akanigeukia: "Nanga. Taratibu. Usiidondoshe."

Niliishusha kama mtu anayelaza mtoto. Mke wangu akarusha mbali juu ya lile jiwe, zaidi ya nilivyotegemea, na yule kamba wa mpira akaingia majini bila mshindo. Akaacha mkondo umbebe. Mshipi ulikuja nao polepole, ukafika penye ule mpindo wa povu, ukasimama.

Hakuvuta. Niliona bega lake likitaka kuvuta, akalizuia. Alihesabu kitu midomoni, moja, mbili, halafu akainua fimbo kwa nguvu, na fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji.

Samaki aliruka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wazima huzungumza juu ya samaki huyu kwa sauti ya kanisani. Alitoka majini mwili mzima, rangi ya shaba, akajitikisa hewani mara mbili, mapezi wazi, akarudi na kishindo kilichotunyunyizia sote. Akaruka tena. Kisha akageuka na kukimbilia chini ya boti.

"Ncha majini! Ncha majini!" Bibi alipiga kelele, lakini mke wangu alikuwa ameshapiga goti na kuizamisha ncha ya fimbo ili mshipi usikatwe na ukingo. Akazunguka nayo kupitia mbele ya boti, upande hadi upande. Mimi nikalala chali kumpisha, kamba ya nanga kifuani. Alipita juu yangu bila kunitazama. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa. Kila samaki alipokimbia alimwachia mshipi, kila alipopumzika aliurudisha, hakuwa na haraka hata kidogo. Mara nne alizokosa kiangazi kile zilikuwa zote mikononi mwake sasa, zikifanya kazi.

Sijui ilichukua muda gani. Besi alikuja juu mara ya mwisho akilalia ubavu, na Bibi akamteka kwa wavu wa mkono.

Mke wangu alilowesha mikono kabla ya kumshika, ili asiharibu ute wa ngozi. Besi alikuwa mpana, mgongo mweusi, tumbo jeupe lenye vumbi la dhahabu, mistari wima ubavuni, na macho mekundu yaliyotukodolea bila woga. Taya lake la chini lilikuwa na kovu la ndoano ya zamani. Mtu mwingine, mwaka mwingine, aliwahi kumshika na kumwachia. Bibi akamlaza kwenye ubao wa kupimia. Wavuvi wa huku husema besi wa mdomo mdogo akifika inchi ishirini ni samaki wa kukumbukwa maisha yote. Mkia ulipita ishirini kwa robo inchi.

Bibi alisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mimi nimewahi kumpata mmoja tu wa kimo hiki," alisema, "na nilikuwa na wewe tumboni," kisha akajishika kinywa, akacheka, kwa sababu alikuwa amechanganya mke wangu na binti yake wa Arizona. Mke wangu akacheka pia. Macho ya wote wawili yalikuwa na maji.

Nilipiga picha mbili. Ya kwanza ilikuwa kidole changu. "Subiri, moja tena," nikasema, nikiwafikiria wanaume wa kwaya.

"Anakosa pumzi," alijibu mke wangu. Akainama ukingoni, akamshika majini kichwa kikielekea mkondo, mkono mmoja chini ya tumbo. Mashavu ya samaki yakafunguka na kufungika. Kwa muda hakwenda popote. Halafu akapiga mkia mara moja, akaturushia maji usoni, akapotea kuelekea lile jiwe.

Tulinywa chai ya chupa, tukala mikate. Hakuna aliyerusha tena mshipi siku ile, ingawa asubuhi ilikuwa haijaisha.

Jumapili wanaume wa kwaya walinizunguka. "Besi wa Naivasha yuko wapi?"

"Yuko mtoni," alijibu mke wangu kabla sijafungua mdomo, "na si wa Naivasha." Niliwaeleza yote, pamoja na simu niliyopiga, kwa sababu niliona ni haki wasikie. Walinicheka mpaka ibada ilipoanza. Mchungaji, aliyesikia kisa mlangoni, akakitia katika mahubiri: dada yetu mmoja aliyemchagua samaki apiganaye na mkondo, kama vile muumini na dunia. Mke wangu alimngoja baada ya ibada akamwambia kwa heshima, "Pasta, alikuwa samaki tu. Lakini samaki mzuri sana."

Bibi aliondoka mwisho wa mwezi. Siku yake ya mwisho kiwandani alimwachia mke wangu fimbo mbili na ule ubao wa kupimia, na wao wawili wakala dagaa katikati ya chumba cha chakula, mlango wazi.

Kiangazi kilichofuata hatukuwa na boti. Mke wangu aliwachukua wanawake wawili wa kanisa, Wakongomani wenzake, akawapeleka ukingoni mwa mto, mahali maji yanapoingia kwenye mawe karibu na daraja. Mmoja wao, mama wa watoto watano, hakuwahi kushika fimbo ya kuvulia maishani. Mke wangu alisimama nyuma yake, akimwelekeza kwa Kiswahili na Kifaransa, asivute, angoje, angoje bado. Mimi nilikuwa juu ukingoni na chupa ya chai. Fimbo ya yule mama ikapinda ghafla, akapiga yowe lililowasimamisha waendesha baiskeli darajani, na mke wangu akageuka kunitafuta.

"Baba, wavu!"

Nikaingia majini na viatu.